Hiari Yashinda Utumwa



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja, hata mbele ya padre. Nimelipima kwa muda, nikasali, kisha nikamwuliza mama watoto wangu kama linafaa kuandikwa katika gazeti linaloingia katika nyumba zenye watoto. Akanijibu, "Andika. Watu wanaumia kimya kimya na hakuna anayewaambia neno." Basi naandika, kwa heshima, na naomba baba na mama mlisome pamoja baada ya watoto kulala.

KITABU NDANI YA GAZETI

Jioni moja baada ya Rozari ya jumuiya, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwenda. Alitoa mkobani kitu kilichofungwa kwa gazeti kama nyama iliyotoka buchari. Akaniambia bila kuniangalia usoni, "Mwalimu, soma hiki, halafu uniambie kama ni dhambi kukifuata."

Mama huyu ameolewa miaka kumi na minne. Wana watoto watatu. Ndoa yao ilifungwa katika kanisa letu, na mafundisho ya ndoa niliwapa mimi mwenyewe. Wote wawili wameniruhusu niwasimulie ninyi habari yao, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Mume anafanya kazi Nairobi na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kitabu hicho alikinunua kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara, akakificha chini ya nguo ndani ya sanduku lake. Mkewe alikikuta alipokuwa akitafuta mashati ya kufua. Akakisoma kwa siri, usiku, kwa taa ndogo, na Kiingereza chake cha sekondari. Hakumwuliza mumewe neno. Alikirudisha mahali pake, na mumewe aliporudi tena, yeye akaanza kujaribu kuwa kama mwanamke aliye ndani ya kitabu kile.

Mimi niliogopa kukisoma. Nilimwendea Baba Paroko nikamwuliza kama katekista anaruhusiwa kushika kitabu cha namna ile. Akasema, "Daktari hawezi kutibu kidonda ambacho hataki kukiangalia. Soma, lakini salia kwanza, na usikiache mahali ambapo watoto watakiona." Basi nikakisoma. Tena nawaambia mapema, sikukisoma ili niwashauri ninyi mkisome. Nilikisoma kwa sababu dada yetu aliniuliza swali, na mtu anayeulizwa swali lazima ajue anachojibu.

YALIYOMO

Kitabu kinaitwa Histoire d'O, yaani Hadithi ya O. Kiliandikwa kwa Kifaransa na kuchapishwa Paris mwaka 1954. Mwaka 1955 kilipewa tuzo ya fasihi inayoitwa Deux Magots, na papo hapo serikali ya Ufaransa ikapiga marufuku kukitangaza na kukiuza kwa vijana wadogo. Kwa hiyo si karatasi chafu iliyoandikwa na mlevi. Kimeandikwa kwa lugha safi, ya utulivu, karibu kama lugha ya watawa. Hilo ndilo linalokifanya kiingie moyoni mwa msomaji kabla hajajua kimeingia.

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna msichana mpiga picha, anayeitwa O. Jina lake lote ni herufi hiyo moja. Mpenzi wake, René, anampeleka katika jumba moja huko Roissy, na huko anafundishwa kuwa mali. Anaambiwa asiwatazame wanaume usoni. Anaambiwa asizungumze. Anachapwa mijeledi. Anavishwa pete ya chuma ili kila anayeijua alama hiyo ajue kwamba mwanamke huyu hawezi kukataa. Baadaye René anamkabidhi kwa Mwingereza mmoja, Sir Stephen, kama mtu anavyomkabidhi rafiki yake ng'ombe. Huyu wa pili anaamuru atiwe alama mwilini kwa chuma cha moto, herufi za jina lake yeye bwana. Mwishoni anapelekwa katika karamu akiwa amevishwa kinyago cha bundi na kufungwa mnyororo. Wageni wanamzunguka, wanamshika, wanamwangalia, wala hakuna hata mmoja anayemsemesha kama mtu.

Sisi tunajua bundi ni ndege wa namna gani akitua juu ya paa.

Lakini jambo lililonitatiza mimi halikuwa mijeledi. Ni hili: katika kila hatua O anaulizwa kama anakubali, naye anakubali. Kila mara. Hakuna aliyemteka. Anaipenda minyororo yake, na anaona fahari kwamba amependwa kiasi cha kufungwa. Kwa hiyo swali la dada yetu halikuwa jepesi. Aliniuliza, "Mwalimu, ikiwa mke amekubali mwenyewe, na ni mume wake wa ndoa, na mlango umefungwa, kosa liko wapi? Na si ninyi mliotufundisha kwamba mke amtii mumewe?"

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma. Nilikumbuka darasa lao la ndoa. Nilikumbuka nilivyosimama mbele yao na Biblia mkononi.

ALIYEANDIKA ALIKUWA NANI?

Kabla ya kumjibu, nilitaka kujua ni nani aliyeandika mambo yale. Kijana mmoja wa parokia alinisaidia kutafuta katika intaneti, nami sikumwambia kisa chote. Juu ya kitabu pameandikwa jina la mwanamke, Pauline Réage. Jina hilo ni la uongo. Kwa miaka mingi watu wa Paris waliamini kwamba mwandishi ni mwanamume, kwa kuwa walisema mwanamke hawezi kuwaza hivyo.

Wakakosea. Mwaka 1994 bibi mmoja mwenye umri wa miaka 86 alikiri hadharani kwamba ni yeye. Jina lake la kuzaliwa ni Anne Desclos, na katika kazi zake za vitabu alijulikana kama Dominique Aury. Alikuwa mwanamke wa heshima, mhariri katika kampuni kubwa ya vitabu, asiyepiga kelele. Na litakalowashangaza ni kwamba mwaka 1943 alikuwa ametoa mkusanyo wa mashairi ya dini ya Kifaransa. Huyu hakuwa mgeni wa maneno ya sala. Alifariki mwaka 1998.

Kwa nini aliandika? Alieleza mwenyewe. Alikuwa na uhusiano wa siri na mwandishi maarufu, Jean Paulhan, mwanamume aliyekuwa na mke wake. Paulhan alikuwa akikaribia miaka 70, na yeye alikuwa amevuka 45. Akaanza kuogopa kwamba mwanamume huyo atamwacha. Alisema kwamba hakuwa kijana tena, wala hakujiona mzuri wa sura, kwa hiyo alihitaji silaha nyingine ya kumshika. Akachukua kalamu ya risasi na madaftari ya shule, akaandika usiku akiwa kitandani, sura baada ya sura, akimpelekea mtu huyo mmoja. Kitabu kizima kilikuwa barua. Kilikuwa barua ya mwanamke anayesema: nifanye utakavyo, mradi usiniache.

Niliposoma hayo, niliweka karatasi chini. Nilikuwa nimemwazia mwandishi kama adui wa Mungu anayecheka gizani. Sasa nikamwona mwanamke wa makamo, peke yake, taa imewaka, anaandika kwa hofu. Nikamkumbuka dada yetu na taa yake ndogo. Mmoja aliandika kwa hofu ya kuachwa, na mwingine akasoma kwa hofu ileile, na kati yao iko bahari na miaka sabini.

Tena hadithi yenyewe inasema ukweli kuliko inavyokusudia. Kitabu kina miisho miwili iliyotajwa kwa maneno machache. Katika mmoja, Sir Stephen anamwacha O. Katika mwingine, O anapoona ataachwa, anasema ni heri afe, naye bwana wake anampa ruhusa. Basi! Amevumilia mijeledi, amevumilia chuma cha moto, amekubali kila kitu ili asiachwe, na mwisho wake ni kuachwa. Anayenunua upendo kwa kujifuta hubaki bila upendo na bila nafsi yake.

MINYORORO SI MCHEZO KWETU

Nitasema na hili. Mbele ya hadithi hiyo kuna utangulizi ulioandikwa na Paulhan huyohuyo, nao anauita furaha katika utumwa. Anasimulia habari za watumwa wa kisiwa cha Barbados walioachwa huru mwaka 1838, kisha wakamrudia bwana wao wakimtaka awarudishe utumwani. Anataka tuamini kwamba kuna watu wanaostarehe katika minyororo.

Labda kwa mtu aliyeketi Paris maneno hayo ni tamu. Sisi Wakatoliki wa Afrika Mashariki hatuwezi kuyameza. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wengi wa wale waumini wa kwanza walikuwa watumwa waliokombolewa, watoto kwa watu wazima. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na katika pwani yetu ya Kenya sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1907 tu. Imani yetu ilianza kwa kukata minyororo. Mtu aliyebatizwa huko alipewa jina. Na ninyi mlipobatizwa, padre alitaja jina lenu lote, hakutaja herufi. Nabii Isaya anatufundisha kwamba Mungu hutuita kwa jina na kutuambia kuwa sisi ni wake. Lakini Mungu anapomwita mtu wake, humpa jina. Bwana wa watumwa humwondolea.

Wazee wetu walisema, hiari yashinda utumwa. Waliosema hivyo walijua utumwa ni nini.

JE, MTAKATIFU PAULO ALISEMA NINI?

Sasa nirudi katika swali la dada yetu, na nitaanza kwa kuungama kosa langu.

Kwa miaka mingi nimefundisha wachumba sura ya tano ya Waraka kwa Waefeso. Na kwa miaka mingi nilianza pale kwenye mstari wa 22, mahali wake wanapoagizwa kuwatii waume zao. Sikuanza mstari wa 21. Fungueni Biblia zenu mwone. Mstari wa 21 unawaagiza Wakristu wote watiiane wao kwa wao kwa kumcha Kristu. Huo ndio mlango wa kuingilia. Mimi niliwapitisha watu dirishani.

Kisha mume anaagizwa jambo zito kuliko la mke: ampende mkewe kama Kristu alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Tafadhali, mume unayependa kunukuu sura hii, nionyeshe mahali ambapo Kristu alilipiga Kanisa mijeledi. Mijeledi aliipokea yeye. Taji ya miiba aliivaa yeye. Na usiku ule wa mwisho, Bwana na Mwalimu ndiye aliyejifunga kitambaa akawaosha wafuasi miguu. Katika ndoa ya Kikristu, kama kuna mtu anayetafuta mahali pa mtumwa, mume awe wa kwanza kukimbilia, maana ndipo Bwana wake alipokwenda.

Wengine hunukuu Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya saba, wakisema mwili wa mke ni wa mumewe. Ni kweli umeandikwa hivyo. Lakini usifunge Biblia katikati ya mstari! Sentensi inayofuata inasema vilevile juu ya mwili wa mume, kwamba ni wa mkewe. Na inayofuata hiyo inataka mambo yao yafanyike kwa kupatana. Katika ulimwengu wa Paulo, kusema kwamba mke ana haki juu ya mwili wa mumewe lilikuwa jambo la kushangaza.

Kanisa halikuyaacha hayo gizani. Mwaka 1968, katika Humanae Vitae, Papa Paulo wa Sita alifundisha kwamba tendo la ndoa linalolazimishwa kwa mwenzi bila kujali hali yake na matakwa yake ya haki si tendo la kweli la upendo. Mwaka 1988 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Mulieris Dignitatem, alieleza kwamba utii katika ndoa ni wa pande zote mbili. Naye Papa Fransisko mwaka 2016, katika Amoris Laetitia, alisema waziwazi kwamba kila namna ya kumtiisha mwenzi katika mambo ya mwili lazima ikataliwe. Na kitabu cha Mwanzo kinatuonyesha utawala huo ulitoka wapi: mume kumtawala mke kunatajwa baada ya dhambi, pamoja na miiba na jasho. Hakukuwako bustanini. Bustanini walikuwa uchi wote wawili, wala hawakuona haya, kwa sababu hakuna aliyemwogopa mwenzake.

"NDIYO" YAKO IMETOKA WAPI?

Nilimwita dada yetu, tukaketi nje ya kanisa, mahali tunapoonekana na watu. Nikamwambia, "Mama, umeuliza kosa liko wapi ikiwa umekubali. Nami nakuuliza, siku moja ukisema hapana, itakuwaje?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akalia. Akasema, "Ataenda kwa mwingine, Mwalimu. Huko mjini wako wengi. Mimi nimezaa watatu, nimezeeka. Nilipoona kitabu kile nikasema, kumbe hili ndilo analolitaka, na kama sitampa mimi, atapewa na mwingine."

Hapo ndipo jibu lilipo, wapenzi wasomaji. Kuna "ndiyo" inayotoka katika upendo, na kuna "ndiyo" inayotoka katika hofu. Kwa masikio zinafanana. Mbele ya Mungu hazifanani hata kidogo. Zawadi ni kitu ambacho mtu angeweza kutokutoa. Ukimpa mtu pesa kwa sababu ameshika panga, hatuiti sadaka. Na kuachwa ni panga, hata kama hakuna aliyelitoa alani. Palipo na upendo, "hapana" ya mke inaweza kusemwa na chakula kikapakuliwa kama kawaida, na asubuhi mume akamwuliza ameamkaje. Nyumba ambayo "hapana" haiwezi kusemwa, "ndiyo" yake pia haina uzito.

Nikamwomba ruhusa nimwite mumewe. Alitetemeka, lakini akakubali. Mwisho wa mwezi wakaja wote wawili.

Nilitarajia nitamkuta mume mkali. Nikamkuta mtu amejaa aibu, anashindwa kuinua kichwa. Alisema kazini kwake anafokewa na kijana aliye mdogo kwake kwa miaka kumi, mbele ya watu, naye hunyamaza kwa sababu ya karo ya watoto. Alisema alipokifungua kitabu kile kando ya barabara, alimwona mwanamume ambaye hakuna anayemjibu vibaya, na akatamani kuwa mtu huyo kwa saa moja. Kisha akamgeukia mkewe na kusema maneno ambayo sitayasahau: "Mama watoto, mimi sikukuomba haya. Ulipoanza kubadilika, nilidhani wewe ndiye unayependa. Nikaogopa nikikataa utaniona si mwanamume."

Mnaona? Kila mmoja alikuwa akimfuata mwenzake gizani, na hakuna aliyetaka kwenda huko. Wote wawili waliongozwa na hofu: mke hofu ya kuachwa, mume hofu ya kudharauliwa. Na kati yao kitabu kikawa ndiye mwalimu wa nyumba. Miezi mitano walilala kitanda kimoja, na kila mmoja akiigiza kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

SAKRAMENTI INAVYOJIBU

Niliwaambia jambo moja tu. Siku ya harusi yenu, mbele ya altare, kila mmoja alimwahidi mwenzake uaminifu katika raha na taabu, katika afya na ugonjwa, siku zote za maisha. Mnajua maana yake? Maana yake mke Mkristu hana haja ya kununua kila usiku kile alichokwisha kupewa bure mbele ya Mungu. Yule bibi wa Paris hakuwa na ahadi hiyo. Mwanamume aliyempenda alikuwa na mke mwingine, kwa hiyo ilimbidi amshike kwa kalamu, sura baada ya sura. Namhurumia kwa moyo wote. Lakini wewe, mama, una neno la mumeo mbele ya Mungu na Kanisa. Na wewe, baba, ukimwacha mkeo aishi kana kwamba neno hilo linaweza kufutwa wakati wowote, umemnyang'anya sakramenti yake hata kama hujamgusa kwa kidole.

Mume akamwambia mkewe pale pale, mbele yangu, kwamba hatamwacha. Mke akasema, "Miaka kumi na minne nilikuwa nangoja uniambie tena." Mimi nikatoka nje, maana hapo hapakuwa tena na kazi ya katekista.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Ndugu wasomaji, si kila nyumba ina kitabu sandukuni. Siku hizi wengi wanayo hayo katika simu. Lakini ugonjwa ni mmoja. Kwa hiyo nawaachia mambo machache.

Kwanza, msisome wala kutazama kwa siri. Anayejificha na kitabu cha namna hii amemwingiza mtu wa tatu chumbani. Kama kipo ndani ya nyumba yenu, kitoeni mezani, mzungumze juu ya kilichowavuta. Kukichoma bila kuzungumza ni kufunika kidonda kibichi.

Pili, msikisie. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini mke si kata wala mume si mtungi. Mna midomo. Mwulize mwenzako, "Unafurahi? Kuna jambo nifanyalo linalokuumiza au kukutia haya?" Kisha nyamaza usikilize jibu lote.

Tatu, mume, mhakikishie mkeo usalama wake kwa maneno, si kwa unga na mafuta tu. Nawe mke, mheshimu mumeo nyumbani, hasa kama huko nje amedharauliwa. Heshima ya kweli humponya mwanamume kuliko mwanamke anayejifanya kitu.

Nne, kila mmoja awe na ruhusa ya kusema hapana, na hapana hiyo isilipiziwe kisasi cha kununa, cha kunyimwa matumizi wala cha kulala nje.

Tano, na hili nalisema kwa uzito. Kama mume anakupiga, anakulazimisha, au anakutishia, usiniulize juu ya kitabu. Tafuta usalama wako na wa watoto. Mweleze padre, mweleze mama wa jumuiya unayemwamini, nenda hospitali, nenda polisi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili nyumbani inataja hata ukatili wa kimwili wa aina hii ndani ya ndoa. Tumezoea kuwaambia akina mama kwamba mvumilivu hula mbivu. Kipigo hakiivi. Kristu aliubeba msalaba kwa hiari yake ili atuokoe, wala hakumpa mume yeyote kazi ya kumtengenezea mkewe msalaba.

Kitabu kile mume alikichukua nyumbani siku ile, na sikuuliza walikifanyia nini. Niliwaona Jumapili moja baadaye wakitoka Misa. Walikuwa wakibishana juu ya bei ya mbolea, mke akisema hapana, tena kwa sauti. Mume akacheka. Nikamshukuru Mungu.

Nami nimebadilisha daftari langu la mafundisho. Wachumba wakija siku hizi, tunaanza mstari wa 21.

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe uliyekuwa na namna ya Mungu ukatwaa namna ya mtumwa kwa hiari yako, ondoa hofu katika vyumba vyetu. Wape waume moyo wako wa kuosha miguu. Wape wake ujasiri wa kusema kweli. Utufundishe kutiiana kwa upendo, kila mmoja akiitwa kwa jina lake. Amina.

Tumsifu Yesu Kristu!